Ukusanyaji wa visu

Ukusanyaji wa visu ni uraibu wa kutafuta, kununua, kubadilishana, kutunza na kujifunza habari za visu bila lengo kuu la kuvitumia kwa kazi. Anayefanya hivyo huitwa mkusanyaji wa visu. Wengine hukusanya visu vya mfukoni vya kiwanda kimoja tu, wengine visu vya kijeshi, wengine kazi za wahunzi wanaofua chuma kwa mkono, na wengine majambia na visu vya sherehe kutoka Arabuni, Asia na Afrika.

Uraibu huu ulienea hasa Marekani, Ulaya na Japani katika nusu ya pili ya karne ya 20. Ni rahisi kuuanza, kwa kuwa kisu kizuri cha kwanza hupatikana kwa bei ndogo na hakihitaji nafasi kubwa nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi pia kuuzidisha: mtu aliyeanza na kisu kimoja hujikuta ana makumi, na mara nyingine mamia, kabla hajajiuliza anavitaka vya nini. Makala hii inaeleza historia ya ukusanyaji wa visu, aina zake, namna thamani inavyopimwa, na jinsi burudani hiyo inavyoweza kugeuka kuwa mzigo.

Maana ya neno uraibu

Katika Kiswahili neno uraibu lina pande mbili. Kwa upande mmoja ni jambo ambalo mtu hulifanya kwa kujifurahisha wakati wa mapumziko, kama vile kukusanya stempu au kufuga ndege. Kwa upande mwingine ni mazoea ya kitu ambacho mtu hawezi tena kukiacha kwa urahisi, kama vile tumbaku, tambuu au pombe. Lugha nyingine hutumia maneno mawili tofauti kwa mambo hayo, lakini Kiswahili kimeyaweka katika neno moja.

Katika habari za ukusanyaji wa visu pande zote mbili zinahitajika. Wakusanyaji wenyewe husimulia mara nyingi kwamba hawakuamua kuwa wakusanyaji. Walipewa kisu na baba au babu, au walinunua kimoja kwa kazi ya kambini, wakakipenda, wakatafuta cha pili. Wahenga walisema: mwonja asali haonji mara moja.

Historia

Kifaa cha kukata ni kati ya vyombo vya kale kabisa vya binadamu, na ushahidi wake wa mwanzo umepatikana Afrika Mashariki. Zana za mawe za Lomekwi, karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, zimekadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. Bonde la Oldupai nchini Tanzania limelipa jina lake kundi zima la zana za mawe ambalo wataalamu hulitambua katika sehemu nyingi za dunia.

Visu vya thamani vilitunzwa na wakubwa tangu zamani. Katika kaburi la Farao Tutankhamun wa Misri, aliyefariki katika karne ya 14 KK, kulikuwa na majambia mawili yaliyofungwa pamoja na maiti yake: moja la dhahabu na moja la chuma. Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba chuma hicho kilitoka katika kimondo kilichoanguka kutoka angani. Wakati huo chuma kilikuwa adimu, hivyo jambia hilo lilikuwa hazina kuliko silaha.

Katika Ulaya miji michache ilijulikana kwa utengenezaji wa visu, na hadi leo majina yake yakichapwa juu ya chuma huongeza hamu ya wakusanyaji. Miji hiyo ni pamoja na Sheffield nchini Uingereza, Solingen nchini Ujerumani, Thiers nchini Ufaransa, Albacete nchini Hispania, Maniago nchini Italia na Eskilstuna nchini Uswidi. Chama cha mafundi visu wa Sheffield kilianzishwa kwa sheria mwaka 1624. Katika mji huohuo, mwaka 1913, Harry Brearley alitengeneza chuma cha pua kisichoshika kutu, jambo lililobadilisha visu vya jikoni duniani kote. Kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya London ya mwaka 1851, kampuni ya Joseph Rodgers & Sons ya Sheffield ilitengeneza kisu cha kukunja chenye makali 75, ambacho hakikukusudiwa kukata chochote bali kuonyesha ufundi.

Nchini Japani serikali ilipiga marufuku kubeba panga za samurai hadharani mwaka 1876. Wahunzi wengi waliopoteza wateja waligeukia visu vya jikoni na vya kazi. Miji ya Seki na Sakai bado inajulikana kwa kazi hiyo.

Ukusanyaji kama shughuli ya watu wa kawaida ulishika kasi Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1970 kiliundwa chama cha watengenezaji wa visu kwa mkono, na Bob Loveless (1929–2010) alikuwa mmoja wa waanzilishi wake. Mwaka 1973 Bill Moran (1925–2006) alionyesha visu vya chuma cha Dameski alivyovifua mwenyewe, ufundi ambao ulikuwa karibu kusahaulika nchini humo, na mwaka 1976 yeye na wenzake wakaanzisha chama cha wahunzi wa visu. Siku hizi maonyesho makubwa ya visu hufanyika kila mwaka katika eneo la Atlanta, jimbo la Georgia.

Sehemu za kisu

Mkusanyaji hujifunza kwanza kukisoma kisu. Sehemu kuu ni hizi:

- Kengee ni bapa lote la chuma. Lina makali upande mmoja au pande zote mbili, mgongo upande usiokata, na ncha mwishoni.
- Msuka ni sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Juu ya msuka au karibu nao ndipo viwanda vingi hupiga chapa ya jina.
- Noleo ni pete au kipande cha madini kinachokaza mahali kengee inapokutana na mpini.
- Mpini hutengenezwa kwa mti, pembe, mfupa, ganda la chaza, shaba au plastiki.
- Ala ni mfuko wa ngozi, mti au chuma wa kuhifadhia kisu kisichokunjwa.

Kisu cha kukunja kina pia springi na egemeo, na mara nyingi kufuli inayozuia kengee isijifunge juu ya vidole.

Chuma chenyewe ni somo kubwa. Chuma cha pua ni mchanganyiko wa chuma na kaboni kidogo. Kaboni ikiongezeka, chuma huweza kuwa kigumu zaidi na kushika makali vizuri, lakini pia huwa rahisi kuvunjika. Kromi ikizidi takriban asilimia 11, kutu hupungua sana. Mhunzi hutia chuma matiko kwa kukipasha moto mkali na kukizamisha ghafla ndani ya mafuta au maji, kisha hukipasha tena kwa joto dogo ili kisiwe chepesi kuvunjika. Kisu chenye matiko mabaya hakifai hata kikiwa na mpini wa dhahabu.

Aina za makusanyo

Visu vya mfukoni vya viwandani

Hapa ndipo wengi huanzia. Joseph Opinel wa Savoie, Ufaransa, alitengeneza kisu chake cha mpini wa mti mwaka 1890. Mwaka 1897 kilipewa ukubwa mbalimbali kwa namba 1 hadi 12, na mwaka 1955 kikaongezwa pete ya chuma inayozungushwa ili kufunga kengee. Namba 1 na 11 ziliachwa baadaye, hivyo mwenye kuzipata za zamani hujiona ana bahati. Mpangilio wa namba wenyewe ni mtego mpole: mtu mwenye namba 6, 7 na 9 hukosa raha mpaka aipate namba 8.

Nchini Uswisi Karl Elsener alifungua karakana yake mjini Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 akaanza kulipatia jeshi la nchi yake visu. Kisu cha maofisa, chenye vifaa vingi pamoja na kizibuo, kilisajiliwa mwaka 1897. Kampuni hiyo sasa ni Victorinox, jina lililotokana na Victoria, mama yake Elsener, pamoja na neno la kifupi la chuma kisichoshika kutu.

Nchini Marekani visu vya Case, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1889, hukusanywa sana kwa sababu umri wake husomeka. Tangu mwaka 1970 kampuni ilipiga nukta 10 chini ya jina lake, na kila mwaka ikaondoa nukta moja. Mkusanyaji akihesabu nukta anajua mwaka wa kisu. Kisu cha Buck 110, kilichoanza kuuzwa miaka ya 1960, kilifanya kisu cha kukunja chenye kufuli kiaminiwe na wawindaji.

Visu vya mafundi binafsi

Hivi hutengenezwa kimojakimoja. Mnunuzi huagiza, hulipa sehemu ya fedha na husubiri, pengine kwa miaka. Chama cha wahunzi kilichoanzishwa na Moran huwapa waombaji mtihani ambao ni mashuhuri: kisu kimoja kilekile kikate kamba nene inayoning'inia kwa pigo moja, kikate vipande viwili vya mbao, kisha bado kiweze kunyoa nywele za mkono, na mwishowe kipindwe nyuzi 90 bila kuvunjika.

Mfano wenye asili ya Afrika ni wa Chris Reeve, fundi kutoka Afrika Kusini aliyehamia Marekani. Kisu chake cha kukunja alikiita Sebenza, neno la Kizulu linalohusu kufanya kazi.

Visu vya kijeshi, vya kazi na vya jikoni

Kundi hili lina visu vya askari wa vita vikuu, kukri za Nepal, visu vya puukko vya Finland na visu vya Mora vya Uswidi. Visu vya jikoni vya Japani navyo vina wapenzi wake, kwa kuwa kila kazi ina kisu chake: cha samaki mbichi, cha mboga, cha kukata mifupa ya samaki.

Majambia

Jambia ni kisu kilichopinda chenye makali pande mbili, kinachovaliwa mbele kwenye mshipi. Nchini Oman jambia ni alama ya taifa na limo katika bendera ya nchi. Mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi na desturi za jambia la Oman katika orodha ya urithi wa kiutamaduni usioshikika. Kwa njia ya utawala wa Waomani vazi hili lilijulikana Zanzibar na katika miji ya pwani. Picha nyingi za masultani wa Zanzibar zinawaonyesha wakiwa na majambia ya fedha kiunoni. Nchini Indonesia kuna keris, yenye kengee iliyopindapinda kama wimbi, ambayo nayo imo katika orodha ya UNESCO.

Visu vya Afrika Mashariki na ya Kati

Afrika ilikuwa na wahunzi hodari muda mrefu kabla ya ukoloni. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza mwaka 1978 kwamba mababu wa Wahaya, magharibi ya Ziwa Viktoria, waliyeyusha chuma chenye kaboni katika matanuri yao zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wafipa wa kusini-magharibi ya Tanzania walijenga matanuri marefu ya udongo. Katika Upare ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi. Miongoni mwa Wamaasai kazi ya kufua sime na mikuki ilikuwa ya wahunzi walioitwa il-kunono, ambao jamii iliwahitaji lakini iliwatenga. Sime yenye ala ya ngozi nyekundu bado inavaliwa, na mara nyingi siku hizi hufuliwa kutokana na springi chakavu za magari.

Katika Kongo visu vilikuwa pia fedha, mahari na alama ya cheo. Wamangbetu wa kaskazini-mashariki walitengeneza visu vilivyopinda kama mundu, baadhi vikiwa na mipini ya pembe za ndovu. Wakuba wa Kasai husimulia habari za mfalme Shyaam aMbul aNgoong wa karne ya 17. Emil Torday, Mhungaria aliyetembelea nchi yao mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwamba kwa mapokeo yao mfalme huyo alikataza kisu cha kurusha vitani. Katika sanamu za wafalme wa Wakuba mfalme ameketi kwa utulivu akishika kisu cha heshima, kiitwacho ikul, katika mkono wa kushoto.

Visu vingi vya namna hii vilipelekwa Ulaya na maofisa, wamisionari na wafanyabiashara. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa nguvu. Leo vimo katika makumbusho kama ile ya Tervuren nchini Ubelgiji na ya Pitt Rivers mjini Oxford, na vingine huuzwa minadani kwa watu binafsi. Mara nyingi karatasi ya mnada hutaja kabila na urefu wa kisu, lakini haimtaji mhunzi wala namna kisu kilivyotoka kwa mwenyewe. Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria ya kuwezesha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni virudishwe. Kwa hiyo mkusanyaji mwangalifu huuliza historia ya kisu kabla ya kuuliza bei.

Namna thamani inavyopimwa

Bei ya kisu haitegemei makali yake. Mambo yanayotazamwa zaidi ni haya:

- Mtengenezaji. Jina la fundi aliyefariki hupandisha bei kwa kuwa idadi ya kazi zake haiongezeki tena.
- Hali. Kisu cha zamani kisichowahi kunolewa huthaminiwa kuliko kilichotumika. Kila kinapopita kwenye kinoo chuma hupungua, na jicho lililozoea huona kwamba kengee imekonda.
- Ukamilifu. Sanduku, karatasi na ala ya asili vina bei yake.
- Uadimu. Rangi ya mpini iliyotengenezwa kwa mwaka mmoja tu huweza kuzidi bei ya kisu kilichopambwa.
- Historia iliyothibitishwa kwa maandishi.

Udanganyifu upo. Chapa ya kale huweza kupigwa juu ya chuma kipya, mpini uliovunjika hubadilishwa bila mnunuzi kuambiwa, na visu vilivyotengenezwa kwa watalii huzikwa ardhini au kufukizwa moshi ili vionekane vya kale. Jina la Laguiole, kijiji cha Ufaransa, limetumika juu ya visu vingi visivyotoka huko. Solingen ililindwa mapema zaidi, kwa sheria ya mwaka 1938.

Jinsi mtu anavyonaswa

Sababu ya kwanza ni kisu chenyewe. Ni kitu kidogo, kina uzito wa kupendeza mkononi, kinafunguka na kufungika kwa mlio, na kinaunganisha mti, mfupa na chuma. Pia kina kumbukumbu: kwa wengi kisu cha kwanza kilitoka kwa mzee wa familia na kilikuwa dalili kwamba mtoto ameaminiwa. Katika nchi kadhaa za Ulaya, Marekani na Japani kuna imani kwamba kumpa rafiki kisu hukata urafiki, hivyo anayepewa hurudisha sarafu ndogo ili ionekane amekinunua. Desturi hiyo yaonyesha kwamba watu hawajawahi kukiona kisu kama kifaa kitupu.

Sababu ya pili ni elimu. Kadiri mtu anavyojua, ndivyo anavyoona tofauti ambazo awali hakuziona. Visu viwili vilivyoonekana sawa sasa vinatofautiana kwa nukta moja, na kila tofauti ni sababu ya kununua.

Sababu ya tatu ni msisimko wa kutafuta. Wataalamu wa ubongo wameonyesha kwamba dopamini, kemikali inayohusika na hamu, hutolewa hasa wakati wa kutazamia malipo, si wakati wa kuyapata tu. Ndiyo maana mkusanyaji huweza kusisimka wiki nzima akingoja kifurushi, kisha baada ya siku mbili akaanza kutafuta kingine.

Sababu ya nne ilielezwa katika karne ya 18 na Denis Diderot, mwanafalsafa wa Ufaransa ambaye baba yake alikuwa fundi visu mjini Langres. Diderot alisimulia kwamba alipopata joho jipya zuri, vitu vyake vingine vilionekana duni, akavibadilisha kimoja baada ya kingine mpaka akaingia deni. Kwa mkusanyaji mnyororo ni uleule: kisu kizuri kinadai ala nzuri, ala inadai kabati, na kabati lenye nafasi wazi linadai visu.

Sababu ya tano ni ugumu wa kuachilia. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya watu walipewa vikombe vya kawaida. Waliopewa walitaka kuviuza kwa takriban mara mbili ya bei ambayo wasiopewa walikuwa tayari kulipa. Kitu kikishakuwa changu, huongezeka thamani machoni pangu. Kwa hiyo makusanyo hukua upande wa kuingia, na mlango wa kutokea hubaki mwembamba.

Mpaka kati ya burudani na mzigo

Ukusanyaji si ugonjwa. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013 unatambua tatizo la kulimbikiza vitu, ambapo mtu hushindwa kutupa chochote hadi nyumba yake haikaliki, lakini hautaji kukusanya kama maradhi. Mkusanyaji wa kawaida hupanga, huchagua na huonyesha, mlimbikizaji hurundika.

Hata hivyo kuna ishara ambazo familia na wakusanyaji wenyewe huzitaja:

- kuficha kifurushi au kusema uongo kuhusu bei;
- kununua kwa fedha za karo, kodi ya nyumba au chakula;
- kununua kwa mkopo kwa hoja kwamba bei itapanda;
- kuwa na visu ambavyo havijawahi kutolewa sandukuni;
- kununua ili kutuliza huzuni au hasira;
- kusikia nafuu kwa muda mfupi tu baada ya kununua, kisha majuto.

Hoja ya kwamba visu ni akiba huhitaji uangalifu. Visu vichache hupanda bei, vingi hushuka mara tu vinapotoka dukani, na anayeuza kwa shida hupata chini ya alicholipa. Methali ya haba na haba hujaza kibaba hufanya kazi pande zote mbili: matumizi madogomadogo nayo hujaza kibaba cha deni.

Njia zinazosaidia ni rahisi kuzitaja ingawa si rahisi kuzifuata. Wengine huweka idadi isiyovukwa, na kila kikiingia kimoja hutoka kimoja. Wengine hungoja siku 30 kabla ya kulipa. Wengine huchagua eneo dogo, kwa mfano visu vya mji mmoja kabla ya mwaka fulani, wakaviacha vingine vipite. Kuandika daftari lenye tarehe na bei ya kila kisu husaidia kuliko yote, kwa sababu jumla huonekana. Aliyefika kwenye deni au ugomvi nyumbani anafaa kuzungumza na mtu anayemwamini au mshauri nasaha, kama ilivyo kwa uraibu mwingine.

Utunzaji

Adui wa kwanza wa kisu ni unyevu, hasa katika nchi za joto na za pwani ambako hewa ina chumvi. Baada ya kushikwa, kengee hupanguswa kwa kitambaa kikavu, kwa kuwa jasho la vidole huacha alama za kutu. Kisha hupakwa mafuta mepesi ya madini. Japani hutumia mafuta ya mbegu za kamelia.

Kisu hakihifadhiwi muda mrefu ndani ya ala ya ngozi, kwani ngozi hunyonya unyevu na dawa zilizotumika kuitengenezea huuma chuma. Ala hukaa kando. Mipini ya zamani ya seluloidi nayo ni hatari: ikianza kuoza hutoa mvuke unaokula chuma cha visu jirani, hivyo hutengwa. Mipini ya pembe hupasuka ikikaushwa mno.

Rangi ya kijivu inayotanda juu ya chuma cha zamani si uchafu. Hukilinda na kuonyesha umri wake. Wanaoanza mara nyingi huisugua ili king'are, na kwa saa moja hupunguza thamani iliyochukua miaka mingi kupatikana.

Sheria na usalama

Kumiliki kisu na kutembea nacho ni mambo mawili mbele ya sheria. Nchini Uingereza mtu anaruhusiwa kubeba bila sababu maalumu kisu cha kukunja kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Visu vinavyofunguka kwa springi baada ya kubonyeza kitufe vilipigwa marufuku kuuzwa huko mwaka 1959, na sheria ya mwaka 2019 ilikataza hata kuvimiliki nyumbani. Hivyo baadhi ya wakusanyaji walilazimika kusalimisha vitu walivyovitunza kwa miaka. Nchini Marekani sheria ya shirikisho ya mwaka 1958 inazuia biashara ya visu hivyo kati ya majimbo, na kila jimbo lina kanuni zake. Nchini Japani ni kosa kubeba bila sababu halali kisu chenye kengee inayozidi sentimita 6. Mara nyingi visu haviruhusiwi kuingia na abiria ndani ya ndege. Husafirishwa katika mizigo ya chini.

Sheria za wanyama nazo zinahusika. Mipini ya majambia ya fahari ilitengenezwa kwa pembe za kifaru, na mahitaji ya Yemen katika miaka ya 1970 yalichangia kuuawa kwa vifaru wengi wa Afrika Mashariki. Yemen ilikataza kuingiza pembe hizo mwaka 1982. Biashara ya kimataifa ya pembe za kifaru imezuiwa tangu mwaka 1977 na mkataba unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini, na ile ya pembe za ndovu tangu marufuku iliyoamuliwa mwaka 1989. Kwa hiyo kisu cha kale chenye mpini wa namna hiyo huweza kuzuiwa forodhani hata kama mwenyewe alikirithi kwa halali.

Nyumbani visu huwekwa kwenye kabati lenye kufuli, mbali na watoto. Mwenye makusanyo makubwa anashauriwa kuacha maandishi yanayoeleza kila kisu ni nini na kilitoka wapi. Mara nyingi warithi wasio na habari hizo huuza kwa bei ya chuma chakavu kile ambacho marehemu alikitafuta kwa nusu ya maisha yake.

Tazama pia

- Jambia
- Sime
- Uhunzi
- Chuma cha pua
- Uraibu
- Makumbusho